Sura ya Yotamu

Ilomba, 2 Desemba 1956

Daftari hili lilikuwa la hesabu za darasa la nane. Limebaki na kurasa nyingi tupu, na kuzitupa ni vibaya. Nitaandika humu habari za kazi yangu ya kuchora mpaka mvua zitakapokwisha, kwa sababu huo ndio muda alionipa Baba. Alisema jana akiwa anapiga randa mbao, bila kuniangalia:

"Sekela, mimi ni fundi seremala, siwezi kudharau ufundi. Lakini fundi ni yule ambaye watu wanabisha hodi kwake. Mvua ikikatika na mlango wako hauna mtu, utakwenda kwa mjomba wako Igowole, ukachume chai pamoja na binti zake."

Nikasema, ndiyo Baba. Nina penseli tatu alizonipa mwalimu wangu siku ya kuagana, raba moja, na karatasi ngumu ambazo Mhindi wa duka la vitambaa ananiachia, zile zinazofungiwa majora.

9 Desemba

Mteja wa kwanza, mpiga tarumbeta wa kanisani. Nilimchora akiwa ametazama upande, kama kichwa cha mfalme kwenye shilingi. Niliona nimepata. Yeye akaishika karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Sikio langu lingine liko wapi?"

Nikasema liko upande wa pili.

"Na jicho?"

"Nalo liko huko huko, Tata," nilisema, maana kwetu kila mzee wa kiume ni Tata, baba.

"Binti, mimi nimekuja hapa na macho mawili."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Mchukue hivyo hivyo," alimwambia, "huyu wa jicho moja labda hataona mboga ikiwa kidogo." Nikachora upya. Walinipa kuku mtetea.

15 Desemba

Mwalimu alitufundisha kutia kivuli upande usio na mwanga. Nilipomtilia kivuli mke wa mpagazi wa bomani, aliniuliza kwa nini nimempaka masizi shavu moja. Nimeacha kivuli. Watu wanataka uso mzima, mweupe, masikio mawili, na saa mkononi. Saa naichora hata kwa mtu asiye nayo. Sasa naijua kuliko vidole.

23 Desemba

Mvua mchana kutwa. Hakuja mtu.

8 Januari 1957

Leo amekuja Mzee Asukile, mzee wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilijificha nyuma ya mlango nikidhani amemfuata Baba. Baba akaniita.

Anataka picha ya Yotamu, mtoto wa marehemu kaka yake. Yotamu alikwenda Joni mwaka 1950, kwenye machimbo ya dhahabu huko kusini. Aliandika barua moja, ikaishia hapo. Amewaacha mama, mke na mdogo wake wa kiume. Picha yake haipo hata moja.

"Binti yangu atamchoraje mtu asiyemwona?" Baba aliuliza.

"Ataambiwa. Yupo aliyemzaa."

Kisha akanigeukia. Alisema nikiifanya vizuri atasema na mchungaji, maana shule za Jumapili hazina picha za Biblia, na makanisa ya huku milimani ni mengi. "Utachora mpaka uolewe," alisema. Alipoondoka, Baba alitia penseli yangu makali kwa patasi yake. Hajawahi kufanya hivyo.

20 Januari

Nimekwenda kwao Yotamu. Ni mwendo wa saa nzima kupanda, na udongo unashika miguu. Mama Yotamu ni mwanamke mwembamba, anaongea polepole. Alinikalisha jikoni karibu na moto, akanipa kikombe cha maziwa, akaanza kumtaja mwanawe kama mtu anayetoa vyombo sandukuni, kimoja kimoja. Paji la uso pana. Nyusi zimekaribiana. Jicho la kushoto dogo kidogo, hasa akicheka. Mdomo wa chini umejaa. Kidevuni alama ndogo, alianguka juu ya jiwe la kusagia akiwa na miaka mitatu. Masikio yamelala kichwani, "kama ya mtu anayesikiliza neno la mbali."

Niliandika kila kitu. Mke wa Yotamu, anaitwa Yudith, alikuwa anamenya viazi karibu na mlango. Nilimwuliza kama ana la kuongeza. Akasema, "Mama amemaliza."

27 Januari

Nimepeleka picha. Niliichora kwa siku nne, na nilipomaliza niliona haya kuitazama, kana kwamba kijana wa watu ameingia chumbani kwangu bila hodi.

Mama Yotamu aliipokea kwa mikono miwili. Akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Asukile alikuwepo, akauliza, "Je?" Moto ulikuwa unazimika, Mama akauchochea kwanza. Ndipo akasema:

"Siye."

"Nimekosea wapi, mama?"

"Pua."

Nilifuta pua palepale mbele yao. Nimerudi nimelowa hadi mifupa.

3 Februari

Pua nimeirekebisha. Amesema sasa pua ni yake lakini macho si yake.

10 Februari

Macho. Amesema bado. Paji limekuwa la mtu mwingine.

11 Februari

Homa. Sikuchora.

17 Februari

Alisema, "Mdomo." Nikamkumbusha kuwa yeye mwenyewe aliniambia mdomo wa chini umejaa, na ninayo maandishi. Akasema, "Mwanangu, wewe umeandika. Mimi nimezaa." Nikafuta mdomo. Mzee Asukile alikuna kichwa, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

24 Februari

Mto umejaa, sikuvuka. Nilifurahi.

3 Machi

Bado. Safari hii ni masikio. Nimeanza kumchukia yule mama, Mungu anisamehe. Nadhani amemsahau mwanawe na hataki kukubali, kwa hiyo ananizungusha mimi. Karatasi imekuwa nyembamba kwa kufutwa, ukiiinua unauona mwanga wa dirisha usoni mwake. Raba imebaki kama punje ya hindi. Wateja wengine hawaji kwa sababu ya mvua. Baba haulizi kitu, lakini juzi alisema kuwa mjomba ameleta salamu.

10 Machi

Nimefanya jambo ambalo sijui kama ni wizi.

Nilipofika, mama alikuwa shambani. Anania, yule mdogo wa Yotamu, alikuwa anapasua kuni. Yotamu alipoondoka Anania alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Sasa ana miaka ishirini, umri uleule aliokuwa nao kaka yake siku ya kuondoka. Nilimwomba akae nipate mabega na kola ya koti. Alikaa kwenye gogo, akacheka, akasema, "Usinitie saa, nitadaiwa."

Nilianza na mabega kweli. Halafu nikapanda shingoni. Nilikuwa nimechoka, na uso ulikuwepo mbele yangu, haukuhitaji kuulizwa. Nilichukua karatasi mpya, nikauchora wote. Nilimwondolea tu kovu dogo la kwenye nyusi, nikamtia ile alama ya kidevuni ya kaka yake. Haikuchukua hata muda wa ugali kuiva.

Mama Yotamu alirudi na jembe begani. Aliitazama picha kwa kitambo kifupi tu, hakuketi.

"Ndiye," alisema.

Mzee Asukile akaitwa. Aliileta karibu na miwani, akasema damu ni damu, ona walivyofanana hawa watoto. Majirani wawili wakasema ndiye. Yudith aliitazama, kisha akanitazama mimi, akaenda kuchota maji. Anania mwenyewe alisema, "Kaka alikuwa mzuri hivi?" Watu wakacheka.

Mzee Asukile amesema Jumapili ijayo atazungumza na mchungaji habari za picha za Biblia. Nimerudi nyumbani bila kuhisi miguu, sijui ni furaha au uchovu.

17 Machi

Baba amewaambia watu watatu kanisani kwamba binti yake ni fundi. Nilisimama nyuma ya Mama, nikitazama viatu vya watu.

24 Machi

Mvua. Picha ya Yotamu wameniachia niimalizie, nimeipaka maji ya wali kwa unyoya ili penseli isifutike.

2 Aprili

Mzee Asukile amekuja kwa Baba kuagiza kazi ya mbao. Baba akamwuliza fremu ya picha aitie kioo au aiache.

"Si fremu, fundi. Sanduku. Urefu wa mkono mmoja, lenye kifuniko cha kupigilia misumari."

Baba aliweka kalamu yake ya kuchorea mbao sikioni. Nilikuwa nafagia maranda, nikaendelea kufagia mahali palepale.

Mzee alieleza bila haraka. Kwao mtu akipotea asirudi, na mwili usionekane, wazee huzika mgomba mahali pake, watu wakalia, mambo yakaisha. Lakini mchungaji alikataa kuombea mgomba. Wakashauriana. Mchungaji akasema picha ya Mkristo ni ukumbusho, si mzimu, akasema yuko tayari kuisomea neno. "Kwa hiyo tutamzika Yotamu kwa picha," alisema Mzee Asukile. "Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Miaka saba mke wa mtu amekaa hana jina. Hata mimi nimechoka kuulizwa na kwao."

Sikuona ukatili usoni mwake. Aliivua miwani akaifuta kwa shati, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha.

Alipoondoka, Baba alisema, "Basi umefanya kazi kubwa, Sekela." Nami nilikuwa nimeshika ufagio, nikiwaza kwamba ule uso si wa Yotamu. Ni wa mtu anayepasua kuni.

5 Aprili

Sasa naelewa kwa nini mama alikuwa anasema bado. Picha isipokwisha, kaburi halichimbwi. Nilimchukia kwa sababu ya raba.

Lakini kama alikuwa anamkinga mwanawe, mbona akaikubali ile ya mwisho? Labda na yeye alichoka.

9 Aprili

Nimemkuta Yudith kisimani. Nadhani alikuwa ananingoja, maana kwao hawachoti huku. Alinitua ndoo mwenyewe, kisha akasema:

"Ni Anania, sivyo?"

Nilinyamaza. Mimi huwa nadhani nikinyamaza jambo litaondoka.

"Sikusuti. Nimelala nyumba moja na watu wale miaka tisa, najua sikio la nani ni la nani. Nakuomba kitu kimoja. Usiseme."

"Dada, watamzika Anania."

"Watazika karatasi. Mchungaji mwenyewe kasema ni karatasi." Akatazama maji. "Nina miaka ishirini na sita. Nikiwa mjane naweza kurudi kwa baba yangu, naweza kuolewa. Hivi sasa mimi ni mke wa mlango uliofungwa. Usiseme, mdogo wangu."

Alinitwika ndoo. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nadhani alichukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

12 Aprili

Nimemwambia Baba. Alikuwa anapigilia bawaba kwenye kabati la mteja. Nilitumaini atakasirika, aende yeye kwa Mzee Asukile, mimi nibaki nyumbani. Aliweka nyundo chini, akakaa juu ya mbao.

"Anania anajua?"

"Hajui."

"Mkono uliochora ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi na mdomo uwe wako. Mimi nitakusindikiza mpaka uani, lakini sitasema."

Nikamkumbusha habari za picha za Biblia. Akasema anazikumbuka.

13 Aprili

Tumerudi kutoka kwao Yotamu.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye migomba, dogo kama la mtoto. Watu walikuwa wengi, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, mvua ndogo ndogo inanyesha. Sanduku la Baba lilikuwa mezani, wazi. Picha ilikuwa ndani, juu ya kitambaa cheupe, na Anania alikuwa amesimama upande wa kichwani akishika mwavuli ili isilowe. Alikuwa anaukinga uso wake mwenyewe.

Hapo ndipo nikajua sitaweza kunyamaza. Kama angekuwa amesimama mahali pengine labda ningeweza.

Nilikwenda kwa Mzee Asukile, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akasema, "Sema, binti." Nikasema tena. Akainamisha sikio. Mara ya tatu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wote wakageuka:

"Tata, nilimchora Anania. Usimzike."

Hakunifokea. Aliitoa picha sandukuni, akaiinua karibu na shavu la Anania, akavaa miwani vizuri. Akasogeza picha huku, akasogeza kule. Mwanamke mmoja alisema "Yesu," taratibu. Anania alidondosha mwavuli. Alijishika uso kwa mikono yote miwili, kama mtu anayehakikisha haujapungua, akarudi kinyumenyume hadi ukuta wa nyumba ukamzuia.

"Mlitaka kunizika?" alisema. "Baba mdogo, mimi nimechimba lile shimo tangu asubuhi."

Mchungaji alifunga kitabu. Alisema hawezi kusoma maneno ya mazishi juu ya sura ya mtu aliye hai, aliye mshirika wake, na hakuna picha nyingine, kwa hiyo watu waende nyumbani kwa amani. Akachukua baiskeli yake.

Lakini kaburi lilikuwa wazi. Wazee wakasema kaburi lililochimbwa halilali tupu, litajitafutia mtu. Walibishana kidogo tu. Mmoja akaenda migombani na panga, akakata mgomba, wakaufunga kwa kile kitambaa cheupe, wakauzika. Wanawake wakalia, ila kwa wasiwasi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kama naye analia. Mama Yotamu hakulia. Alikuwa amesimama wima, anatazama udongo unavyorudishwa.

Sijui sasa Yotamu amezikwa au hajazikwa. Nadhani hakuna anayejua. Mzee Asukile anasema yamekwisha. Wengine wanasema bila neno la Mungu ule ni mgomba tu.

Yudith alinipita karibu. Hakunitukana. Alisema, "Haya."

15 Aprili

Anania ameichoma picha. Sikumlaumu.

21 Aprili, Pasaka

Kanisani mwanamke mmoja alimgeuza mtoto wake anipe kisogo. Mpiga tarumbeta wangu wa kwanza amerudisha picha yake, akaiacha mlangoni chini ya jiwe. Wanasema naiba nyuso za watu hai kuwapa makaburi. Watoto wananiona, wanajifunika kwa mikono. Wengine wanacheka wakifanya hivyo, wengine hawacheki.

Habari za picha za Biblia hakuna aliyezitaja, na mimi sikuuliza.

22 Aprili

Hakuja mtu.

23 Aprili

Hakuja mtu. Mvua imepungua.

28 Aprili

Amekuja Mama Yotamu. Ametembea peke yake, na matope. Nilitaka kujificha nikakosa pa kwenda.

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye maranda ya Baba, akanyoosha miguu. Alisema:

"Siku ile ya maziwa sikuwa nimeambiwa. Nilidhani picha ni ya ukutani. Nikakupa mwanangu wote, sikubakiza. Ulipoondoka ndipo shemeji akaniambia ni ya kaburi."

Nikamsogezea kikombe cha maji.

"Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa yeye. Nikakwambia pua. Kila ulipofuta nilikuwa nashukuru, na kila ulipofuta nilikuwa naumia. Ulikuwa unamfuta mbele yangu, na mimi ndiye ninayekutuma."

"Na ya Anania, mama?"

Alichota maranda kiganjani, akayaacha yaanguke.

"Niliiona tangu mlangoni. Nikasema, waizike hiyo, Yotamu wangu abaki nje. Sikumwaza Anania. Nina watoto wawili, nikamwaza mmoja." Alifuta tope kwenye kifundo cha mguu. "Tangu siku ile Anania haningojei tule pamoja. Anachukua sahani anakwenda nje. Ana haki. Wewe ulimwaza, na hukumzaa."

Nilimwuliza kama anaona Yotamu amezikwa.

"Wamezika mgomba. Mgomba hauna jina."

Kisha akatoa kipande cha karatasi ndani ya kanga, karatasi ya sukari iliyonyooshwa, akaniuliza kama mkono wangu bado unakumbuka ile ya kwanza. Nilisema nitajaribu. Nilikuwa na penseli moja iliyobaki kama kidole cha mtoto. Nilianza na paji, nikashuka kwenye nyusi. Raba sikuwa nayo, kwa hiyo kila nilichoweka kilibaki. Alinitazama mkono, hakutazama karatasi, mpaka nilipomaliza. Ndipo akaichukua. Aliikunja mara moja tu, kwa uangalifu mkunjo usipite usoni, akaifungia kwenye kanga upande wa tumbo.

Baba alimpa fimbo ya kutembelea.

5 Mei

Jua siku tano mfululizo. Baba amesema, "Sekela, unajua." Nikasema ndiyo Baba. Alisema pia kwamba angenipa mvua nyingine kama hodi yake peke yake ingetosha. Nadhani alikuwa anaomba radhi.

12 Mei, Makambako

Niko njiani kwenda kwa mjomba, lori limesimama kupoza injini. Naandika juu ya goti.

Tulipotoka Mbeya nilikaa juu ya magunia, nimejifunika kanga kichwani. Kwenye kituo cha pili alipanda mwanamke mwenye kifurushi, akakaa karibu nami bila kunitazama. Ni Yudith. Tulikwenda mwendo mrefu hivyo, vumbi likiingia machoni, kila mmoja akiujua uwepo wa mwenzake.

Hapa Makambako amenunua viazi vya kuchemsha, akanigawia.

"Nakwenda Iringa," alisema. "Nina shangazi huko. Sikumuaga mtu."

"Wakiniuliza?"

"Sema umeniona. Sijaiba kitu."

Nilimwambia anisamehe. Alimenya kiazi mpaka mwisho kwanza.

"Ningekuwa mimi niliyeshika penseli, ningenyamaza," alisema. "Sijui kama ndiyo vizuri. Ningenyamaza tu." Kisha akauliza, "Mama anayo karatasi. Analala nayo. Ulimchora tena?"

"Ndiyo."

"Ni yeye?"

"Mama anasema ni yeye."

Dereva alikuwa anamwaga maji kwenye injini, mvuke unapanda. Yudith aliutazama, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Yukoje? Mimi nimesahau. Ilianza sauti, halafu mwaka wa nne na uso ukaenda. Nikikaa jikoni mama anamsimulia, mimi naitikia tu."

Nami sijawahi kumwona yule mtu maishani mwangu. Nikamweleza. Paji lake la uso, na nyusi zilivyokaribiana. Jicho la kushoto linavyopungua akicheka. Mdomo wa chini. Nilikwenda polepole, nisiruke kitu. Yudith ameshika kiazi mkononi, hali, ananisikiliza, amefumba macho.

Dereva anatuita. Sijafika kidevuni.